Vipande vya Bastola Kuukuu: Mali, Kumbukumbu au Mashaka?

Mirathi ya mtu wa kawaida haina mambo mengi. Nyumba ya vyumba vinne, cherehani, saa ya ukutani, vitanda viwili na madeni madogo madogo ya dukani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mirathi ya ami yangu, Mungu amrehemu, aliyeondoka Mombasa katika miaka ya 1950 akiwa kijana, akapanda gari moshi hadi Nakuru na kufanya useremala huko mpaka uzeeni. Wanawe watatu waliponiita Bondeni niwasaidie kuandika orodha ya vitu kabla ya kwenda kwa kadhi, nilidhani tutaanza baada ya adhuhuri na alasiri itatukuta tumekwisha. Tulichukua siku tatu, na kilichotuweka ni kisanduku kimoja tulichokivuta kutoka uvunguni mwa kitanda.

Kilikuwa kisanduku cha mvule, kizito, pembe zake zimeungwa bila msumari hata mmoja. Ndani kimetandikwa kitambaa cha kijani, na chini ya kitambaa mbao zimechimbwa mashimo ya kulaza vitu. Katika shimo la kwanza mlikuwa na mwanzi mwembamba wa chuma. Katika la pili mlikuwa na kipipa kidogo chenye matundu sita, na matundu yenyewe ni membamba, hata kalamu ya risasi haipiti. Katika la tatu, ufito wa kusafishia na chupa ya mafuta yaliyokauka zamani. Shimo la nne, kubwa kuliko yote, lilikuwa tupu. Lakini umbo lake halikumdanganya mtu. Mle mlikuwa mkilala bastola.

Mtoto mkubwa alisema baba yao alipewa kisanduku hicho na mlowezi mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Njoro. Nchi ilipopata uhuru Desemba 1963, mzungu huyo aliuza shamba, akafunga mizigo, akagawa vile visivyoingia melini. Bastola yenyewe aliikabidhi serikalini au aliondoka nayo, hapana ajuaye. Kisanduku kilibaki na fundi wake.

Sasa palikuwa na wanunuzi wawili. Wa kwanza ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alikipima kwa mkono na kutaja bei ya kilo. Wa pili ni bwana mmoja mpita njia anayekusanya vitu vya kale, na bei aliyoitaja ilitosha kununua ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Bwana huyu aliongeza neno moja lililomuudhi binti ya marehemu. Alisema, "Hili sanduku si la asili, mtaweza kulitia kuni. Mimi nataka vyuma tu."

Binti akaniambia, "Ndugu yangu, wewe ndiye unayeandika magazetini. Tuambie hiki ni kitu gani, hata mmoja akipe kilo na mwingine akipe ng'ombe."

NI KITU GANI

Tulichokuwa nacho, msomaji, ni seti ya kubadilishia bastola. Maana yake ni vipande vya ziada vinavyotiwa katika bastola kubwa ili ipige risasi ndogo na za bei nafuu, kisha vikatolewa, bastola ikarudi kama ilivyoumbwa. Risasi hiyo ndogo ni ile iitwayo .22. Haina kishindo kikubwa, haimrushi mtu mkono, na afisa wa jeshi au mlowezi aliweza kujizoeza shabaha nyuma ya nyumba bila kumaliza fedha zake kwa baruti.

Kwenye mwanzi wetu palikuwa na jina la Parker-Hale wa Birmingham. Watu hao walikuwa mabingwa wa kazi hii huko Uingereza, na vifaa vyao vilitengenezwa kwa bunduki na bastola za jeshi. Bastola ambayo vipande vyetu viliizoea kwa hakika ni Webley, ile kubwa ya kukunja katikati, ambayo toleo lake la sita lilipokelewa na jeshi la Kiingereza mwaka 1915 na kubebwa na maafisa katika vita vya kwanza vya dunia. Risasi yake ilikuwa .455, nene kama ncha ya kidole cha mwanamume.

Kuwako kwa kitu kama hicho Njoro si ajabu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi askari waliotoka vitani, na wengi wa waliokuja Bonde la Ufa walikuwa maafisa. Walikuja na farasi, mbwa, na bastola zao kiunoni. Lord Egerton wa Tatton, ambaye kasri lake la mawe bado lasimama karibu na Njoro, alikuwa mwindaji na mkusanyaji wa kupindukia. Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938 na kumalizika 1954, naye akafa mwaka 1958. Kule kwao Uingereza alijenga ukumbi mzima wa kuwekea pembe na vichwa vya wanyama aliowaua. Katika jamii ya watu kama hao, seti ya kubadilishia bastola ilikuwa kitu cha kawaida kama chupa ya mvinyo mezani.

Na si Webley peke yake. Vita vile viliacha Afrika ya Mashariki bastola za Kijerumani za Luger, zilizopokelewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1908. Kwa hizo kiwanda cha Erma huko Erfurt kilitengeneza seti ya .22 yenye mwanzi wake na kasha lake la risasi, ikawekwa katika sanduku la mbao. Wamarekani nao, mwaka 1938, kampuni ya Colt ilitoa seti ya namna hiyo kwa bastola yao kubwa ya .45.

SISI TULIKUWA TUKIBADILISHA ZAMANI

Lakini ni kosa kudhani kuwa mambo ya kubadilisha silaha yaliletwa bara na walowezi. Watu wa pwani walikuwa Naivasha na Baringo kabla yao, na silaha mabegani. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyi biashara ya pembe, alizijua njia hizo vizuri hata Joseph Thomson alipokuja mwaka 1883 hakupata wa kumwongoza bora zaidi, na Count Teleki alipokuja mwaka 1887 alimtafuta huyo huyo. Wazungu wamepewa sifa ya kugundua maziwa. Kimemeta alikuwa akienda huko kununua pembe.

Msafara wa siku nyingi haukwenda bila mtu wa kutengeneza bunduki, na lugha yetu imehifadhi kila hatua ya kazi ya mafundi hao. Bunduki ya mrau iliwashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Ikafuata ya fataki, yenye kifa cha kuvalisha kifuniko kidogo cha baruti kali. Mwisho ikaja ya viasi, ambayo hutiwa risasi kwa nyuma. Watoto wetu siku hizi hulijua neno fataki kwa sababu ya sherehe tu, na gumegume hawalijui kabisa. Mhenga akitaja kifa, wao hudhani anataja mauti.

Kutoka gumegume kwenda fataki ndiko kubadilisha kwenyewe. Kulianza kwa kasisi mmoja wa Scotland, Forsyth, mwindaji wa ndege, ambaye alichukizwa kwa kuwa ule mwako wa jiwe huwashtua ndege kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 alipata hati ya uvumbuzi wake, na katika muda wa miaka arobaini hivi majeshi ya Ulaya yakaacha jiwe. Bunduki za zamani hazikutupwa. Mafundi waliondoa chombo cha jiwe, wakatia kifa na nyundo, silaha ya babu ikawa ya mjukuu. Zile ambazo Ulaya haikuzitaka tena, za jiwe na za fataki pia, zilipakiwa majahazini na melini zikaletwa kwetu kuuzwa.

Halafu wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels, na mkataba wao wa mwaka 1890 ukapiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa gumegume zisizo na mikato ndani ya mwanzi. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Faida ya pili haikutajwa, nayo ni kwamba mwenye kutaka kutawala alibaki na silaha ya viasi na mwenye kutawaliwa akaachiwa jiwe.

Na hata mwenye bunduki hakuwa salama katika bonde lile. Novemba 1895 msafara mkubwa wa Waswahili na Wakikuyu uliokuwa ukirudi kutoka Ravine ulifarakana na Wamaasai katika bonde la Kedong, chini ya Mai Mahiu, wakauawa watu kwa mamia. Uchunguzi wa serikali wenyewe uliona kwamba msafara ndio uliochokoza. Wenye mikuki walishinda. Nayataja haya kwa sababu wasomaji wa pwani wana ndugu zao waliolala bonde lile bila kaburi, na anayeokota kipande cha mtambo wa bunduki huko asidhani ameokota takataka.

THAMANI YATOKA WAPI

Turudi kwenye kisanduku. Kwa nini mmoja ataje kilo na mwingine ataje ng'ombe?

Wakusanyaji wana kanuni zao, na ukizisikia mara ya kwanza utacheka. Kanuni ya kwanza ni kutogusa. Chuma kilichopoteza rangi yake nyeusi ya kibuluu kwa kushikwa na mikono miaka themanini kina bei kuliko kile kilichopigwa msasa na kutiwa rangi upya kikang'aa. Mtoto mdogo wa marehemu alikuwa amekwisha kuchukua karatasi ya msasa ili "kupandisha bei". Nilimshika mkono. Dakika kumi za msasa zingaliondoa nusu ya ng'ombe.

Kanuni ya pili ni nambari. Bastola ya Luger, mathalan, imepigwa nambari karibu kila kipande, hata vile vidogo vya ndani. Zikilingana zote, ni dalili kwamba vipande hivyo vilizaliwa pamoja kiwandani. Kikiwamo kimoja kigeni, bei hushuka sana, ijapokuwa bastola yafanya kazi vile vile. Ni kama mlango wa Lamu uliovunjwa bawa moja likatiwa la mlango mwingine. Mpita njia haoni kitu, lakini mwenye kujua hulipita bila kuuliza bei.

Kanuni ya tatu ndiyo inayonivutia mimi. Wakusanyaji hutofautisha badiliko linaloweza kurudishwa na lile lisiloweza. Seti kama yetu hutiwa ikatolewa, na bastola haina kovu. Lakini baada ya vita vya pili, Webley nyingi ziliuzwa Marekani, na kwa kuwa risasi zake hazikupatikana huko kwa urahisi, wafanyi biashara walikinyoa kipipa chake kwa nyuma ili kikubali risasi ya Kimarekani ya .45. Kilichonyolewa hakiwezi kuongezeka. Leo mnunuzi wa Webley hutazama hapo kwanza, na akiona imenyolewa hutoa bei ya chini.

Hata hivyo kuna kukata ambako kumekuwa heshima. Huko Marekani mtu mmoja, Rollin White, alikuwa na hati ya mwaka 1855 ya kipipa kilichotobolewa mpaka upande wa pili ili kutiwa viasi kwa nyuma. Kampuni ya Smith & Wesson iliishika hati hiyo, na Colt, mshindani wake, akafungika mikono mpaka mwaka 1869 muda ulipokwisha. Colt alikuwa na vipande vingi vya bastola za mtindo wa zamani ghalani. Tangu mwaka 1871 akaanza kuvikata na kuvigeuza viwe vya viasi. Bastola hizo za kugeuzwa zatafutwa leo kwa udi na uvumba, kwa sababu zimegeuzwa na mwenyewe, kiwandani, katika zama zake. Fundi wa leo akifanya vile vile kwa ustadi ule ule, huitwa mharibifu. Sijui kama kuna haki katika jambo hili, lakini ndiyo soko.

Kanuni ya nne ni ukamilifu. Seti ya Erma yenye kila kitu, sanduku lake la kiwandani likiwamo, huweza kushindana kwa bei na bastola yenyewe, maana bastola zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu na seti zilikuwa chache, na nyingi katika hizo chache zilipoteza ufito huku na kasha kule. Kwa kanuni hii yule mnunuzi alisema kweli kuhusu sanduku letu. Halikuwa la Birmingham.

MWANZI HUTOA USHAHIDI

Labda msomaji atauliza, mwanzi mtupu usio na bastola una maana gani hata uogopwe? Jibu lake lapatikana Naivasha.

Kando ya ziwa lile, mahali paitwapo Oserian, kuna jumba jeupe lililojengwa katika miaka ya 1920 kwa mtindo wa Kimoroko, lina kuba na mnara, mtu wa pwani akiliona kwa mbali atadhani ni msikiti. Wazungu waliliita Jumba la Majini. Humo aliishi Lord Erroll, aliyejulikana sana kwa wake za watu. Tarehe 24 Januari 1941 alikutwa amekufa ndani ya motokaa yake karibu na Karen, nje ya Nairobi, risasi imempiga kichwani. Aliyeshtakiwa alikuwa Sir Delves Broughton, ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa akipendana na marehemu.

Ushahidi ulionekana mzito. Siku tatu tu kabla ya mauaji, Broughton aliripoti polisi kuwa ameibiwa bastola zake mbili aina ya Colt. Tena zilipatikana risasi katika shamba moja huko Nanyuki alikofanya shabaha, na serikali ikadai kuwa zilitoka katika silaha moja na zile zilizomuua Erroll. Lakini wakili wake Morris, aliyeletwa kutoka Johannesburg, hakuhangaika na mapenzi wala wivu. Aliuliza habari za mwanzi.

Ndani ya mwanzi wa bastola kuna mikato inayozunguka, inayoifanya risasi ijipindue iendapo. Kila kiwanda kina idadi yake na upande wake, na risasi hutoka na alama hizo kama kidole kilichochovywa wino. Risasi za kesi ile zilikuwa na mikato mitano iliyozunguka kulia. Colt hutengeneza miwili mara tatu, yaani sita, na huzungusha kushoto. Basi hazikutoka katika Colt. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiliwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, alijiua Liverpool. Bastola iliyomuua Erroll haikuonekana hata leo. Diana baadaye aliolewa na Gilbert Colvile, mfuga ng'ombe mkubwa wa Naivasha, naye akamnunulia lile lile Jumba la Majini.

Kwa hivyo mwanzi ndio unaoweka sahihi. Abadilishaye mwanzi amebadilisha sahihi. Ndiyo maana serikali haiwezi kuuhesabu mwanzi kama bomba la maji.

JIRANI ALIYEKATAA KUINGIA

Siku ya pili alikuja jirani wa marehemu, mzee wa Kikuyu aliyepita miaka themanini, kutoa pole. Alipokiona kisanduku wazi juu ya meza alisimama kizingitini, akakataa chai, akakataa kiti. "Funika," alisema. "Funika, halafu nitaingia."

Alipokwisha kukaa alitueleza. Alikuwa mtoto Naivasha mwaka 1953. Usiku wa tarehe 26 Machi mwaka huo wapiganaji wa Mau Mau walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua wafungwa na kuchukua silaha. Kabla ya hapo, na hata baadaye, wengi wao walitegemea bunduki za kujitengenezea, za bomba la maji, komeo la mlango na mpira. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa watu wa karakana za kawaida, na bunduki zao nyingine zilimdhuru mwenye kupiga kuliko mwenye kupigwa.

Chini ya sheria za hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kuonekana na silaha au hata risasi peke yake kulikuwa kosa la kunyongwa. Watu 1,090 walinyongwa katika miaka ile, na wengi wao kwa makosa yasiyokuwa ya kuua. Mzee alisema msako ulipofika nyumbani kwao, mama yake alitupa chooni bawaba ya mlango iliyokatika, kwa kuhofu kuwa askari wataiita kipande cha bunduki. Mlango ukakaa bila bawaba mpaka alipokuwa mtu mzima.

"Wewe waandika habari za bei," aliniambia. "Sisi hatukujua kwamba vitu hivi vina bei."

SHERIA YASEMAJE

Hapa ndipo penye mtego ambao mirathi nyingi za Nakuru, na za Mombasa pia, zaweza kuingia bila kujua. Nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968, kitu kinachohesabiwa kuwa bastola ni ule mwili wake mkuu. Mwanzi, kipipa na kitako ni vipuri tu, mtu huviuza na kuvituma kwa posta kama vipuri vya cherehani. Mkusanyaji aliyezoea vitabu na orodha za bei za huko huja kwetu na fikira hiyo. Huamini kwa moyo safi kabisa kwamba ananunua vyuma.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haisemi hivyo. Neno silaha ndani yake lachukua pia kipande chochote ambacho ni sehemu ya silaha. Asiye na leseni akipatikana na mwanzi, hawezi kujitetea kwamba hana bastola, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Tena mambo yamekazwa. Desemba 2018 wenye leseni wote nchini waliamriwa kukaguliwa upya na Bodi ya Leseni za Silaha, wakapewa siku tisini. Kabla ya hapo, tarehe 15 Novemba 2016, silaha 5,250 zilizokusanywa zilirundikwa Ngong na kutiwa moto. Mimi siwalaumu waliowasha moto ule. Aliyeona wizi wa ng'ombe wa bondeni na kaskazini yake ukigeuka vita vya bunduki hawezi kulaumu. Natamani tu kwamba kila rundo kama hilo litazamwe kwanza na mtu wa makumbusho, achukue japo gumegume moja na bunduki moja ya komeo la mlango, zitolewe uwezo wa kupiga na kuwekwa kioo mbele. Nakuru ina makumbusho yake pale Hyrax Hill, ambapo watoto wa shule huonyeshwa mawe makali ya watu wa kale. Yako mawe ya miaka elfu nyingi, lakini silaha za miaka sabini zilizoiumba Kenya yenyewe ni lazima uzitafute.

Basi nilipowasomea watoto wa ami maana ya neno silaha, mnunuzi wa ng'ombe akawa hana nafasi tena. Hata yule wa kilo vile vile, maana kumuuzia yeye ni kumpa silaha mtu asiye na leseni, na shaka ikabaki kwa muuzaji. Mtoto mkubwa alinuna nusu siku. Alikuwa amekwisha kumpa ng'ombe jina.

Binti ndiye aliyekata shauri. Hatukukibeba kisanduku barabarani. Tulikwenda kituoni mikono mitupu, tukaeleza, na afisa akatumwa nasi mpaka nyumbani. Alikuwa kijana mpole. Alivua kofia alipoingia, akawapa pole wafiwa, kisha akatoa daftari. Akaandika jina la marehemu, mahali, tarehe. Palipoulizwa idadi ya silaha akaandika: moja.

"Lakini hamna bastola humu, afande," alisema mtoto mdogo.

"Ndivyo ilivyo katika daftari," alijibu, akatoa vyuma kimoja kimoja na kuvifunga katika gazeti.

Kisha, ili awe na hakika kwamba hakuna risasi iliyofichwa, aliinua kile kitambaa cha kijani kwa ncha ya kalamu. Chini yake hapakuwa na risasi. Palikuwa na alama za penseli, za mtu aliyepima kabla ya kuchimba: mistari, na kando ya kila mstari nambari. Afisa alizitazama, akazigeuza, hakuzielewa. Zilikuwa tarakimu za Kiarabu, tatu, saba, nne na nusu, zimeandikwa kwa mkono tunaoujua sote nyumbani, mkono uliofundishwa hesabu chuoni Mombasa na haukuacha kupima mbao kwa tarakimu hizo mpaka ulipokufa.

Mlowezi alikuwa amemwachia fundi wake kazi ya mikono yake mwenyewe.

Afisa alisema sanduku si silaha, tulichukue. Katika orodha ya mirathi niliandika: kisanduku cha mvule, kitupu, kimoja. Palipotakiwa bei, ndugu wawili wakamtazama dada yao, naye alikuwa amekwisha kukiweka kando, pamoja na cherehani.